Rubani na mwongozaji wa ndege: Ushirikiano unaolinda mipaka ya anga isiyoonekana

MPAKA wa shamba huonekana kwa ua, mpaka wa kaunti kwa bango kando ya barabara, na mpaka wa nchi kwa kizuizi na maafisa wa forodha. Mpaka wa anga hauna alama yoyote ambayo jicho laweza kuiona. Rubani wa ndege ndogo anaweza kuuvuka mchana kweupe huku akiitazama milima ya Ngong, asijue kwamba ameingia mahali ambapo ndege kubwa ya abiria inateremka kwa kasi.

Mambo matatu humkinga na kosa hilo: ramani aliyoisoma kabla ya kuondoka, vyombo vilivyo mbele yake, na mazungumzo mafupi ya redio kati yake na mwongozaji wa ndege aliye mnarani au katika chumba cha rada. Mazungumzo hayo huwaunganisha watu wawili wasioonana, ambao kila mmoja anajua jambo asilolijua mwenzake.

Uzito wa suala hili ulidhihirika jijini Nairobi asubuhi ya Jumanne, Machi 5, 2024, wakati ndege ya mafunzo aina ya Cessna 172 ilipogongana na ndege ya abiria aina ya Dash 8 juu ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Watu wawili waliokuwa ndani ya Cessna, mkufunzi na mwanafunzi wake, walifariki. Dash 8, iliyokuwa imetoka Uwanja wa Wilson kuelekea Diani ikiwa na watu 44, ilirejea Wilson na kutua salama.

Kila ajali ya aina hii inapotokea, popote duniani, wananchi huuliza swali lile lile: ni nani aliyepaswa kumwona mwenzake? Jibu la kanuni za anga ni kwamba jukumu hilo lina wenyewe wengi, na hakuna hata mmoja anayeruhusiwa kumwachia mwingine sehemu yake.

Anga inayodhibitiwa ni ipi?

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lililotokana na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, huigawanya anga katika madaraja saba yanayotambuliwa kwa herufi, kuanzia A hadi G. Madaraja A hadi E ni ya anga inayodhibitiwa, yaani ile ambayo ndani yake waongozaji hutoa idhini na maagizo kwa kiwango kinachotegemea daraja. Madaraja F na G ni ya anga huria.

Ili kuelewa tofauti za madaraja hayo, ni lazima kwanza kuelewa kwamba kuna namna mbili za kurusha ndege. Ya kwanza ni kuruka kwa macho. Rubani hutazama nje, akajiweka mbali na mawingu na kuziepuka ndege nyingine kwa kuziona. Ya pili ni kuruka kwa vyombo. Hapa rubani anaweza kupita ndani ya mawingu bila kuona chochote, akitegemea vipimo vilivyo mbele yake na mwongozaji anayemtenga na wengine.

Marubani wengi wa ndege za kibinafsi huruka kwa macho. Katika daraja A hawaruhusiwi kabisa kuruka kwa namna hiyo. Katika daraja B wanahitaji idhini, na mwongozaji huwatenga na kila ndege nyingine. Katika daraja C wanatengwa na zile zinazoruka kwa vyombo, ilhali kuhusu wenzao wanaoruka kwa macho wanapewa habari tu. Katika daraja D idhini ingali inahitajika, lakini mwongozaji hana wajibu wa kuwatenga na wengine. Huwaarifu kuhusu ndege zilizo karibu nao, na kuziepuka ni kazi yao. Katika daraja E hawahitaji idhini, ingawa ndege zinazoruka kwa vyombo humo zinaongozwa. Katika daraja G kila rubani hujitegemea, na anaweza kupewa habari akiziomba.

Mgawanyo huu ndio chanzo cha kutoelewana kwingi. Rubani anaweza kudhani kwamba kwa kuwa anaongea na mnara, mnara unamlinda dhidi ya kila kitu. Mwongozaji naye, akijua daraja la anga hiyo, huenda anatarajia kwamba rubani anatazama nje na kujilinda. Hatari huanza pale ambapo kila mmoja anaamini kwamba kazi inafanywa na mwenzake.

Nairobi: viwanja vitatu chini ya anga moja

Miji michache duniani hudhihirisha jambo hili kama Nairobi. Uwanja wa Wilson na Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, JKIA, umbali wake ni takriban kilomita 12 tu kwa mstari ulionyooka. Kaskazini ya mstari huo kuna uwanja wa wanahewa wa Moi ulioko Eastleigh. Pembetatu hiyo ndogo hupitiwa na ndege za kimataifa, ndege za kijeshi, na ndege ndogo za kila namna.

Chimbuko la Wilson ni kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa na Bi Florence Kerr Wilson mwaka 1929, miongo mitatu hivi kabla ya uwanja wa Embakasi kufunguliwa mwaka 1958. Hivi leo uwanja huo hutumiwa na ndege zinazowapeleka watalii katika mbuga, madaktari wanaosafiri kwa ndege, shule za urubani, na wamiliki wa ndege za kibinafsi. Mwanafunzi aliye katika saa yake ya kumi ya mafunzo anaweza kuwa katika foleni moja na rubani mwenye saa maelfu.

Jiografia nayo huongeza ugumu. Moja ya njia za kurukia ndege za Wilson imeelekea mashariki, upande iliko JKIA. Nyingine imeelekea kusini-mashariki, juu ya mbuga ya wanyama. Ndege kubwa zinazotua JKIA kutoka upande wa kusini-magharibi nazo hupitia juu ya eneo la mbuga hiyo. Kwa hivyo, rubani wa ndege ndogo anayepanda zaidi ya kimo alichopewa, au anayekawia kugeuka, hukaribia njia ya ndege yenye mamia ya abiria.

Isitoshe, Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na mchana wa jua kali huwa nyepesi zaidi. Ndege ya injini moja iliyobeba watu wanne hupanda polepole mno ikilinganishwa na ndege iyo hiyo ikiondoka Malindi. Mwongozaji anayeagiza ndege kama hiyo ifike kimo fulani haraka huenda akawa ameagiza lisilowezekana, na rubani asiposema hivyo mara moja, mpango mzima wa kuzitenganisha ndege huvurugika.

Jicho lina kikomo

Wahenga walisema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Angani, msemo huo hautoshi. Chukua mfano wa ndege mbili zinazoelekeana uso kwa uso, moja ikienda kilomita 200 kwa saa na nyingine kilomita 300 kwa saa. Zinakaribiana kwa kasi ya kilomita 500 kwa saa, yaani takriban mita 139 kila sekunde. Zikiwa kilomita tatu mbali, zimebakiza chini ya sekunde 22.

Idara ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, kwa miaka mingi imewafunza marubani kwamba huchukua takriban sekunde 12.5 kuiona ndege, kuitambua, kung'amua kwamba inakuja upande wako, kuamua la kufanya, na ndege yako kuanza kuitikia. Zaidi ya nusu ya muda ule wa sekunde 22 umekwisha, na hesabu hiyo imechukulia kwamba rubani alikuwa akitazama mahali panapofaa tangu mwanzo.

Kuna jambo jingine. Jicho la binadamu huvutwa na kitu kinachosogea. Hata hivyo, ndege mbili zinazonyooka kuelekea mahali pamoja kwa kasi isiyobadilika, kila moja huonekana kwa mwenzake kama nukta iliyosimama palepale kiooni. Nukta hiyo haisogei. Inakua tu, tena polepole, hadi sekunde za mwisho ambapo hujaa ghafla. Aidha, bawa la ndege ambayo mabawa yake yako juu, kama Cessna 172, humziba rubani anapokata kona, na pua ya ndege inayopanda huficha kilicho mbele na chini yake.

Hii ndiyo sababu habari ya mwongozaji ina thamani kubwa. Rubani aliyeambiwa kwamba kuna ndege upande wake wa kulia, kilomita nne mbele, ikiwa juu yake kwa futi 500, hatafuti tena katika anga nzima bali katika sehemu ndogo anayoijua.

Mafunzo ya San Diego na Cerritos

Ajali mbili zilizotokea jimboni California, Marekani, hufundishwa hadi leo katika shule nyingi za urubani kwa sababu zilionyesha jinsi ushirikiano huu unavyoweza kuvunjika kutoka pande zote.

Ya kwanza ilitokea San Diego mnamo Septemba 25, 1978. Ndege ya abiria aina ya Boeing 727 ya kampuni ya PSA ilikuwa ikijiandaa kutua. Mbele yake kulikuwa na Cessna 172 iliyokuwa na mkufunzi na mwenzake aliyekuwa akifanya mazoezi ya kutua kwa vyombo. Waongozaji waliwaarifu marubani wa Boeing kuhusu Cessna hiyo, nao wakajibu kwamba wameiona. Wakaagizwa wajitenge nayo kwa macho.

Muda mfupi baadaye marubani hao waliipoteza machoni. Walijadiliana wenyewe kwa wenyewe kama imepita, na walichokisema kwa mnara hakikumfahamisha mwongozaji waziwazi kwamba hawaioni tena. Cessna nayo ilikuwa imebadilisha mwelekeo iliopewa bila kuwaarifu waongozaji. Katika chumba cha rada, kengele ya tahadhari ililia sekunde 19 kabla ya mgongano, lakini haikuchukuliwa kuwa dharura kwa kuwa waongozaji waliamini kwamba marubani walikuwa wakiitazama Cessna. Watu 144 walifariki, saba kati yao wakiwa ardhini.

Wachunguzi walisema kosa kuu lilikuwa la marubani wa Boeing kutosema kwamba wameipoteza ile ndege. Hata hivyo, walitaja pia utaratibu wa waongozaji, ambao uliruhusu marubani wajitenge kwa macho ilhali rada ingeweza kutumiwa kuwatenga.

Ajali ya pili ilitokea Cerritos, karibu na Los Angeles, Agosti 31, 1986. Ndege ndogo aina ya Piper iliingia katika anga inayodhibitiwa bila idhini na kugongana na ndege ya abiria aina ya DC-9 ya kampuni ya Aeromexico iliyokuwa ikiteremka kwenda kutua. Watu 82 walifariki: 64 katika DC-9, watatu katika Piper na 15 ardhini. Piper haikuwa na kifaa cha kuarifu kimo chake, na wakati huo mwongozaji alikuwa akishughulikia ndege nyingine ndogo ambayo pia ilikuwa imeingia katika anga hiyo bila idhini.

Baada ya Cerritos, Marekani ililazimisha ndege kubwa za abiria ziwe na mtambo wa kutahadharisha dhidi ya migongano, na ndege ndogo zinazokaribia viwanja vikubwa ziwe na kifaa cha kuarifu kimo. Mabadiliko hayo yalienea katika nchi nyingine. Lakini ikumbukwe kwamba mtambo huo wa tahadhari hutambua tu ndege zenye kifaa kinachojibu. Ndege ambayo kifaa chake kimezimwa haipo kabisa machoni pa mtambo huo.

Nani ana jukumu gani?

Nchini Kenya, kazi ya kuongoza ndege iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, iliyoundwa mwaka 2002. Viwanja vikuu husimamiwa na Halmashauri ya Viwanja vya Ndege, KAA, nazo ajali huchunguzwa na idara maalum iliyo chini ya wizara ya uchukuzi. Kwa hiyo mwongozaji aliye mnarani na msimamizi wa njia ya kurukia ndege ni watumishi wa taasisi mbili tofauti.

Mwongozaji ana kazi ya kuzuia migongano na kuhakikisha safari zinakwenda kwa utaratibu bila kukawia. Anaona picha pana: nani anatua, nani anaondoka, nani anakuja kutoka Mombasa na nani anazunguka kiwanja kwa mazoezi. Asichokiona ni hali iliyomo ndani ya ndege. Hajui kwamba rubani ni mwanafunzi aliye peke yake kwa mara ya kwanza, kwamba abiria anatapika, wala kwamba wingu limeteremka mbele ya pua ya ndege.

Rubani naye huyaona hayo yote, lakini haioni ndege iliyo nyuma yake. Kanuni za ICAO humpa rubani kiongozi wa ndege uamuzi wa mwisho kuhusu usalama wa safari yake. Akiagizwa kuelekea mahali penye mawingu ilhali anaruka kwa macho, wajibu wake si kutii kimya kimya. Anapaswa kusema kwamba hawezi, aeleze sababu kwa maneno machache, na aombe njia nyingine. Katika vimo vya chini ya futi 10,000, kanuni za jumla humtaka rubani anayeruka kwa macho katika anga inayodhibitiwa aweze kuona umbali wa kilomita tano, na awe mbali na mawingu kwa mita 1,500 kando na futi 1,000 juu au chini.

Kusema hawezi si utovu wa adabu, na mwongozaji mwenye uzoefu hulipokea neno hilo kama habari. Kadhalika mwongozaji anapomkatalia rubani kuingia, huwa hamdharau mwenye ndege ndogo. Huenda ana ndege nne mkononi na hana nafasi ya tano kwa dakika hizo.

Lugha ya redio

Masafa ya redio ni mlango mwembamba ambao ni mtu mmoja tu apitaye kwa wakati. Wawili wakiongea kwa pamoja, husikika mlio tu na ujumbe wa wote hupotea. Ndiyo maana rubani hufunzwa kusikiliza kwanza, kupanga atakachosema, kisha kubonyeza kitufe.

Mwito wa kwanza wa rubani anayekaribia anga inayodhibitiwa una mambo manne: jina la anayemwita na jina lake mwenyewe, mahali alipo, kimo chake, na anachoomba. Rubani anayesema kwamba yuko kilomita 20 kusini ya uwanja, futi 7,000, na anaomba kuingia ili atue, amempa mwongozaji karibu kila anachohitaji. Anayeanza kwa salamu ndefu na kutafuta maneno amefunga mlango kwa wengine. Mwanafunzi naye anashauriwa ajitambulishe kuwa mwanafunzi, ili mwongozaji ampe maagizo mafupi na muda wa kuyafuata.

Wakati ndio kila kitu. Mwito unapaswa kutolewa dakika kadhaa kabla ya kuufikia mpaka. Mwongozaji akijibu kwamba asubiri, jibu hilo si idhini, kwani kusikika ni jambo moja na kuruhusiwa ni jingine. Rubani ambaye hajapata idhini hukaa nje ya mpaka, akizunguka mahali salama ikibidi, hadi atakapoitwa. Vivyo hivyo, neno roja, linalosikika sana katika filamu, halimaanishi ndiyo. Maana yake ni kwamba ujumbe wote umepokelewa, basi.

Maagizo muhimu lazima yarudiwe na rubani neno kwa neno: idhini ya kuingia katika njia ya kurukia ndege, kuivuka, kuondoka au kutua; kimo; mwelekeo; kipimo cha shinikizo la hewa; na nambari ya transponda. Mwongozaji husikiliza marudio hayo na kusahihisha kosa papo hapo. Kipimo cha shinikizo pekee chatosha kueleza umuhimu wa zoezi hili. Kila hektopaskali moja ni sawa na takriban futi 30 za kimo. Rubani aliyekosea hektopaskali 10 yuko futi 300 mbali na anapodhani yuko, ilhali kipimo chake kinamwonyesha kwamba mambo ni shwari.

Ajali iliyoua watu 583 kisiwani Tenerife, Machi 27, 1977, wakati Boeing 747 mbili zilipogongana kwenye njia ya kurukia ndege, ilitokana kwa sehemu na maneno yaliyoeleweka visivyo kati ya marubani na mnara. Tangu hapo, kanuni za mazungumzo zimekazwa, na neno la kuruka hutamkwa na mwongozaji pale tu anapotoa au kufuta idhini ya kuruka. Kuanzia mwaka 2008, ICAO imeweka pia viwango vya ufasaha wa lugha kwa marubani na waongozaji wanaotumia Kiingereza redioni.

Transponda na rada

Transponda ni kifaa kinachojibu rada kwa kutuma nambari ya tarakimu nne na, kikiwa cha aina inayofaa, kimo cha ndege. Kikizimwa au kuharibika, mwongozaji huona nukta hafifu isiyo na jina wala kimo, au asione chochote. Rubani anayekiacha kikiwa hakituma kwa kusahau amejiondoa machoni pa rada na machoni pa mitambo ya tahadhari ya ndege kubwa kwa mkupuo mmoja.

Nambari tatu hujulikana na marubani duniani kote: 7500 kwa utekaji nyara, 7600 kwa redio iliyoharibika, na 7700 kwa dharura. Rubani anapobadilisha nambari kutoka moja hadi nyingine anatakiwa awe mwangalifu asipitie hizo tatu kwa bahati mbaya, kwani kengele hulia katika chumba cha rada.

Akipotea, au redio ikinyamaza

Hakuna rubani asiyeweza kupotea. Ukungu wa asubuhi, moshi wa mashamba, upepo uliobadilika, au kufuata barabara isiyo yenyewe, vyote vimewapoteza watu wenye uzoefu. Jambo la hatari ni aibu. Rubani anayeona haya kukiri kwamba hajui alipo huendelea mbele akitumaini kuona alama anayoijua, na kila dakika humsogeza zaidi katika anga ya wengine huku mafuta yakipungua.

Anachopaswa kufanya ni kuita mapema. Mwongozaji mwenye rada anaweza kumpa nambari ya transponda, kumtambua, na kumwelekeza. Hali ikiwa ya wasiwasi lakini si ya kufa na kupona, neno pan-pan hutamkwa mara tatu. Ikiwa maisha yamo hatarini, neno mayday hutamkwa mara tatu. Asiyejua masafa ya eneo alilomo anaweza kutumia megahezi 121.5, ambayo ni masafa ya dharura duniani kote.

Redio ikinyamaza kabisa, mnara una taa. Kwa ndege iliyo angani, kijani kisichopepesa kinamruhusu rubani kutua. Chekundu kisichopepesa kinamwagiza ampishe mwenzake na aendelee kuzunguka. Kijani kinachopepesa kinamwambia arudi kutua. Na chekundu kinachopepesa kinamwonya kwamba uwanja si salama, asitue. Kwa ndege iliyo ardhini, kijani kisichopepesa ni idhini ya kuruka na chekundu kisichopepesa ni amri ya kusimama. Mchana, rubani aliye angani hujibu kwa kutikisa mabawa.

Kuripoti bila hofu

Makosa mengi yanayotokea karibu na mipaka ya anga hayaishii katika ajali. Ndege hukosana kwa mita chache, rubani hutokwa na jasho, mwongozaji hushusha pumzi, na siku huisha. Tukio kama hilo lisiporipotiwa, litarudi likiwa na majina mengine.

Mwaka 1976 Marekani ilianzisha mfumo wa ripoti za siri unaoendeshwa na shirika la anga za juu, NASA, kwa niaba ya FAA. Rubani au mwongozaji aliyekosea bila kukusudia, na akaripoti ndani ya siku 10, anaweza kuepushwa na adhabu, mradi jambo lenyewe si ajali wala jinai. NASA ilichaguliwa kwa sababu si yenyewe inayotoa adhabu. Uingereza nayo ilianzisha mpango wake wa siri mwaka 1982. ICAO, kupitia kiambatisho cha 19 cha Mkataba wa Chicago kilichoanza kutumika mwaka 2013, huzitaka nchi wanachama ziwe na mifumo ya kuripoti kwa hiari na zilinde habari zinazotolewa humo.

Mantiki yake ni nyepesi. Mwongozaji anayeogopa kufutwa kazi hataandika kwamba aliisahau ndege kwa sekunde 30. Rubani anayeogopa kunyang'anywa leseni hatasema kwamba alivuka mpaka. Wasiposema, hakuna atakayejua kwamba mahali fulani kwenye ramani panawachanganya watu kila wiki.

Kufahamiana nje ya redio

Baadhi ya suluhisho halihitaji mitambo ya mamilioni. Katika nchi nyingi, wanafunzi wa urubani hupelekwa mnarani wakaone kazi ilivyo, nao waongozaji hupanda ndege ndogo wakaone jinsi kiwanja kinavyokuwa vigumu kukitambua kukiwa na ukungu. Mwongozaji aliyewahi kuketi kando ya mwanafunzi anayetafuta njia ya kurukia ndege huku akijaribu kurudia maagizo, huyafupisha maagizo yake siku inayofuata. Rubani aliyeona mwongozaji mmoja akizishughulikia ndege sita kwa pamoja huacha kuongea kwa kirefu.

Nairobi ina kila kinachohitajika kwa ushirikiano kama huo. Chuo cha mafunzo ya usafiri wa anga kiko Embakasi. Klabu ya marubani ya Aero Club of East Africa, iliyoanzishwa mwaka 1927, iko Wilson, kama zilivyo shule kadhaa za urubani. Kati ya mnara na madarasa hayo ni mwendo wa dakika chache. Mkutano mmoja kwa mwezi, ambapo ramani hutandazwa mezani na matukio ya wiki zilizopita kujadiliwa bila kutajana majina, hugharimu muda na chai tu.

Kwa rubani anayejiandaa kuondoka kesho asubuhi, orodha ni fupi. Asome ramani na ilani za siku hiyo. Ajue mpaka uko wapi na kimo chake. Aite mapema, aseme machache, arudie alichoambiwa. Akimwona mwenzake aseme, na akimpoteza machoni aseme upesi zaidi. Asiposikia vizuri aombe kurudiwa, kwani kuuliza si ujinga. Naye mwongozaji atakayempokea ana yake: asikilize marudio hadi mwisho, atoe habari ya ndege zilizo karibu kabla ya kuombwa, na asichukulie kimya cha rubani kuwa ishara kwamba ameelewa.